Siku nane za baiskeli Usambara Magharibi: Mombo, Lushoto, Mtae, Mlalo

Kipupwe kikiingia, barabara za udongo za Usambara Magharibi hukauka, na likizo ndefu ya vyuo huwakuta marafiki wakiwa na nafasi. Mwishoni mwa Juni hadi Septemba ndio wakati wa safari hii. Masika ya Machi hadi Mei huacha makorongo katikati ya njia, na vuli ya Oktoba hurudisha utelezi kabla makorongo hayo hayajafukiwa.

Wengi hujiandaa kwa kupanda mlima. Kupanda kuna msamaha wake: ukichoka, unashuka na kusukuma baiskeli. Kinachokatisha safari Usambara ni kushuka. Huko ndiko breki zinakopata moto, rimu zinakobonyea kwenye mawe na vidole vinakokufa ganzi. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa zaidi kwenye mteremko.

Siku moja kabla: kufungasha

Kundi zuri ni la watu wanne hadi sita. Kwa watu watano chukueni tyubu mbili kwa kila mmoja za saizi ya rimu yake, viraka 20, solusheni mpya mbili (ile iliyofunguliwa mwaka jana imekwisha kukauka ndani), pampu mbili, vijiko sita vya kutolea tairi, kitoa pini cha mnyororo, alenki namba 4, 5 na 6, ufunguo wa nyota T25 wa bolti za diski, waya mbili za gia, na spoki tatu za akiba zilizofungwa kwenye fremu kwa utepe. Pedi za breki, jozi moja ya akiba kwa kila baiskeli. Viungo vya haraka vya mnyororo, viwili kwa kila aina ya mnyororo iliyomo kundini. Mafundi wa Mombo na Lushoto ni hodari wa baiskeli za mizigo na watakunyooshea rimu vizuri kabisa, lakini pedi za diski na viungo vya mnyororo wa baiskeli zenye gia 11 au 12 nyuma usivitegemee kuvikuta huko.

Mnyororo upimwe nyumbani kwa rula ya chuma. Anzia katikati ya pini moja, hesabu pini 24 zinazofuata, yaani viungo 12 kamili. Ukiwa mpya, urefu huo ni milimita 304.8. Ukifika 306.3 kwenye gia 11 au 12, au 307 kwenye gia 8 hadi 10, ubadilishe. Mnyororo uliolegea huruka meno kwenye mpando, hasa unaposimama juu ya pedali, na goti ndilo linalolipa.

Kwenye basi toa gurudumu la mbele na pedali. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume cha ile ya kulia: zungusha spana kwa mwendo wa saa. Hamisha mnyororo kwenye gia kubwa ya nyuma ili kibadilisha gia kiingie ndani, kisigongwe na mabegi. Katikati ya pedi za breki, pale diski ilipotoka, chomeka karatasi ngumu iliyokunjwa. Mtu akibonyeza mkono wa breki ndani ya buti bila karatasi hiyo, pistoni hutoka na diski hairudi mahali pake.

Siku ya 1: Mombo – Soni – Lushoto, km 33, lami

Ondokeni Mombo saa 12:30 asubuhi. Mji uko chini, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na kufikia saa 3 joto la tambarare limeshapanda. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na mizigo ya kwenda Wilhelmstal, jina la Lushoto wakati wa Wajerumani, ilishushwa hapa na kupandishwa mlimani. Msiegemeze baiskeli kwenye vichaka vya Mombo: miiba ya migunga hupenya tairi kimyakimya, na pancha yake hujitokeza kilomita tano baadaye.

Kilomita 16 za kwanza hadi Soni zinapanda takribani mita 700. Kwa wastani ni mita 4 hadi 5 kwa kila 100, na kwenye kona inazidi. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Anayeanza kwa kasi dakika 20 za mwanzo atawachelewesha wenzake saa nzima baadaye. Tumia gia nyepesi mapema, kabla hujaelemewa. Ukibadilisha gia huku unakanyaga kwa nguvu zote, mnyororo huvutwa upande ukiwa na mzigo, na hapo ndipo viungo hukatika.

Barabara ni nyembamba, yenye ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Malori ya mboga na mabasi hushuka kwa kasi. Endeni kwa mstari mmoja upande wa kushoto, lakini kila mtu aache kama nusu mita kutoka ukingo wa lami, kwa sababu ukingo umemeguka na hauna pa kukimbilia. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana. Ukisikia honi mbele ya kona usiyoiona upande wa pili, punguza mwendo na ubaki kwenye mstari wako. Usivuke barabara kutafuta upande ulio mpana.

Maji: nusu lita hadi robo tatu lita kwa saa. Jasho likiwa jingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mchanganyiko huu ni ule ule unaopewa mtu mwenye kuharisha, na kwa mpanda baiskeli unafanya kazi nzuri. Kula kitu kila baada ya dakika 40 hata kama njaa haijauma: ndizi moja, au nusu chapati.

Soni kuna maporomoko ya maji karibu na barabara, chai, na matunda ya msimu. Pumzikeni hapa nusu saa. Kutoka Soni bonde linapanuka na mpando unapoa, na Lushoto, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, hufikiwa kabla ya mchana.

Jioni kila mmoja asikilize magoti. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kilicho chini mno, na ya nyuma ya goti ni kiti kilicho juu mno. Sogeza milimita 5 kwa mara moja, isizidi. Weka alama kwa solotepu kwenye nguzo ya kiti ili ujue ulipotoka.

Siku ya 2: Irente, mwendo mfupi wa kujifunza kushuka

Irente ni kama km 6 kutoka mjini. Jabali linakatika ghafla na chini, takribani mita 1,000, unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde na nyika ya Wamasai ikienda mpaka macho yanapokoma. Irente Farm kuna mkate, jibini na jemu. Nunueni vya kesho pia.

Kazi ya leo ni upepo wa tairi na mkao wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, tairi za inchi 2.25 zenye tyubu, anzeni na psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 28 mbele na 31 nyuma. Tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba ndani, hukubali 22 mbele na 25 nyuma. Kwa kila kilo 10 zaidi, ongeza psi 2. Kwenye mteremko wa kurudi mjini sikilizeni. Mlio wa "tok" wa rimu kugonga jiwe maana yake upepo ni mdogo. Tairi ikirukaruka juu ya kokoto na kuteleza kwenye kona, upepo ni mwingi. Wengi hujaza psi 45 kwa kuogopa pancha, kisha hupoteza mshiko na kuanguka kwenye changarawe, na bega lililoteguka haliwekwi kiraka.

Mkao: pedali zote mbili zilale sambamba na ardhi, visigino vishuke kidogo, makalio yanyanyuke na kurudi nyuma ya kiti, viwiko vipinde. Kidole kimoja, cha shahada, kwenye kila mkono wa breki, na vingine vishike usukani. Macho yatazame mita 10 hadi 15 mbele. Ukilikodolea jiwe utalifuata.

Rudieni mteremko huo huo mara tatu. Mara ya kwanza kwa breki ya nyuma peke yake, mkaone jinsi gurudumu linavyojifunga na kuburura bila kusimama. Mara ya pili kwa breki ya mbele, taratibu, mwili ukiwa nyuma. Mara ya tatu kwa zote mbili. Baada ya hapo hakuna atakayehitaji kuelezwa kwa nini breki ya mbele ndiyo yenye nguvu: mwendo ukipungua, uzito wote unakwenda mbele.

Siku ya 3: Lushoto – Magamba – Lukozi – Rangwi

Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama km 60, na tunazigawa kwa siku mbili. Mpando wa Magamba huanza mara tu mnapotoka mjini. Mnaotaka kuingia kwenye njia za ndani ya msitu wa hifadhi, kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kipatikane mapema, na mwenyeji wa kuwaongoza ni muhimu, kwa sababu njia za wakata kuni zinafanana zote. Mikulo mikubwa, mbega weusi kwa weupe juu ya matawi, vinyonga kwenye vichaka. Ndani ya msitu tembeeni kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kwa kuwa wenyeji hupita humo na mizigo kichwani. Mpandaji ndiye anayesimama, na anayeanza shikamoo ni yeye.

Msituni kuna ukungu na kivuli, na udongo mwekundu wa mfinyanzi hubaki mbichi hata kiangazi. Udongo huu ndio adui wa kibadilisha gia. Hushika tairi, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, kisha huchanganyika na majani na kuingia kwenye mnyororo. Ukiona gurudumu limekuwa zito, usikanyage kwa nguvu. Mnyororo uliokwama huvuta kibadilisha gia nyuma na juu, hukiingiza kwenye spoki, na kwa sekunde moja umepoteza sikio la alumini linalokishika, spoki mbili tatu, na mara nyingine kibadilisha gia chenyewe. Shuka, kwangua kwa kijiti, mwaga maji kidogo kwenye magurudumu madogo mawili ya chini, zungusha pedali kinyume kwa mkono mpaka mnyororo uwe mwepesi. Dakika tatu tu.

Lukozi ni soko la mboga. Kula vizuri hapa. Rangwi masista Wakatoliki wamezoea kupokea wapita njia. Pigeni hodi mapema, jua likiwa bado juu.

Siku ya 4: Rangwi – Sunga – Mtae

Siku ya vumbi. Mnyororo ufutwe kwa kitambaa kikavu asubuhi, kisha tone moja la mafuta kwa kila kiungo, upande wa ndani, usubiri dakika 10, ufute tena yote yaliyobaki nje. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa vumbi kwa kuwa ni mepesi, ila yarudiwe kila siku. Oili chafu ya injini isiguse baiskeli: inanata, inakusanya mchanga, na mchanga wenye mafuta unasaga meno ya gia kama msasa. Wala tone lisifike kwenye diski. Likifika, pedi hunyonya mafuta, breki hupiga kelele na kupoteza nguvu, na dawa ya kweli ni pedi mpya pamoja na kuisafisha diski kwa spiriti.

Mtae iko ukingoni kabisa. Baridi ya Julai usiku hukaribia nyuzi 10, na upepo hautulii. Jaketi, soksi za kubadilisha, kofia ya sufu.

Siku ya 5: Mtae, miguu na macho

Baiskeli zilale. Asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya, ardhi inashuka karibu mita 1,000 moja kwa moja hadi nyika ya Mkomazi. Milima ya Upare iko upande wa pili, na siku ikiwa safi Kilimanjaro huonekana nyuma yake. Mwendo wa miguu hadi Mambo na kurudi unatosha kulegeza mapaja.

Mchana ni wa karakana. Kagua kila tairi kwa vidole, nje na ndani. Spoki zishikwe mbili mbili na kubanwa: iliyolegea hujulikana kwa sauti na kwa ulaini. Tyubu zilizotobolewa zizibwe leo, si njiani: kwangua eneo kwa msasa mpaka lipoteze mng'ao wake, paka solusheni nyembamba kupita ukubwa wa kiraka, subiri dakika 5 ikauke isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Viraka vinavyobanduka karibu vyote vilibandikwa solusheni ikiwa bado mbichi.

Maji ya bomba na ya chemchemi yachemshwe yatokote dakika 1. Mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Siku ya 6: Mtae – Mlalo, siku ya mawe

Hii ndiyo siku inayovunja vitu. Njia inarudi kama ilivyokuja, kisha inashuka kwa vipande virefu vya mawe yaliyokaa kama meno. Achaneni mita 20 au zaidi kwenye mteremko. Mpandaji wa mbele akisimama ghafla, wa nyuma hana pa kwenda, na vumbi lake linaficha mawe. Mwenye uzoefu zaidi akae nyuma kabisa akiwa na vifaa vya ufundi, maana anayepata pancha hubaki nyuma, na vifaa vikiwa mbele havimsaidii.

Pancha ya kawaida hapa ni ya matundu mawili sambamba, kama kuumwa na nyoka. Tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu. Ongeza psi 3. Tundu moja dogo ni mwiba au waya, na lazima upatikane kabla ya kuweka tyubu nyingine. Njia rahisi: siku zote funga tairi maandishi yake yakiwa mbele ya pua ya tyubu. Ukijaza tyubu na kuona tundu lilipo, unapima umbali kutoka kwenye pua na unajua mwiba umejificha wapi kwenye tairi. Tairi likichanika, kata kipande cha chupa ya plastiki, kiviringe kingo zake, ukiweke ndani kati ya tairi na tyubu. Kitakufikisha Lushoto.

Sikio la kibadilisha gia likipinda, gia huruka zenyewe, na ukihamia gia kubwa kibadilisha gia hugusa spoki. Litazame kwa nyuma: magurudumu madogo mawili yanapaswa kuwa wima chini ya gia. Lililopinda kidogo linaweza kunyooshwa polepole, mara moja tu, kwa alenki ya 5 iliyochomekwa kwenye bolti yake, mkono mwingine ukishika gurudumu. Likinyooshwa mara ya pili hukatika. Likikatika na akiba haipo, toa kibadilisha gia, kata mnyororo, uzungushe kwenye gia ya mbele na gia moja ya katikati ya nyuma iliyo kwenye mstari ulionyooka, ufunge kwa kiungo cha haraka ukiwa umekazika kiasi cha kucheza sentimita moja tu. Mpando utausukuma kwa miguu, lakini utafika. Baiskeli yenye shokapu ya nyuma haikubali dawa hii, kwa kuwa kila shokapu inapozama urefu unaohitajika wa mnyororo hubadilika.

Mlalo ni mji wa nyumba za ghorofa za matofali ya udongo zenye baraza za mbao, zilizobanana kilimani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika hapa mwaka 1891. Lala mapema.

Siku ya 7: Mlalo – Lushoto

Mto Umba unaanzia milima ya huku na kwenda kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya. Njia ya leo ni mpando mrefu, kisha msitu wa Magamba tena, kisha mteremko wa kuingia Lushoto. Hakuna jipya la kiufundi ila uchovu. Mikono iliyokufa ganzi siku ya saba ni dalili ya kubana usukani. Legeza vidole kila mnapofika tambarare, na mikono ya breki iinamishwe chini kidogo ili kifundo kinyooke.

Siku ya 8: Lushoto – Soni – Mombo, kushuka

Kabla ya yote, pima pedi. Unene wa kitu kinachosaga, bila bamba la chuma, ukibaki milimita 1, badilisha leo asubuhi, kwa sababu mteremko huu unaweza kumaliza kilichobaki. Diski nyingi huanza na unene wa milimita 1.8 na hustaafu kwenye 1.5. Pedi mpya zisipelekwe mlimani zikiwa mbichi: tafuta barabara tulivu, kimbia kama km 20 kwa saa, funga breki taratibu mpaka karibu kusimama bila kufunga gurudumu, rudia mara 20.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 85 wakishuka mita 1,000 wanaachia nishati ya kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya kawaida. Anayekwenda kwa mwendo wa kati huachia sehemu kubwa ya hiyo kwenye upepo. Anayeburuta breki kwa woga kutoka juu hadi chini huipeleka karibu yote kwenye diski mbili nyembamba. Ndipo mafuta ya breki yanapochemka, mapovu yanaingia kwenye bomba, na mkono wa breki unazama hadi kwenye usukani bila kushika kitu.

Kwa hiyo: breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, zikiwa mbili pamoja, kisha achia kabisa ndani ya kona na baada yake, diski zipulizwe na upepo. Simameni kila baada ya kilomita 4, mahali pana, nje ya lami. Usiiguse diski kwa kidole, na usiimwagie maji, maana chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda. Wenye breki za rimu wana hatari nyingine: rimu ikipata moto, viraka huachia na tyubu hupasuka. Wao wasimame kila baada ya kilomita 2. Mkono ukianza kuzama, simama papo hapo, subiri dakika 15, na ukiendelea kuzama baada ya kupoa, baiskeli hiyo ipande gari.

Malori ya kabichi nayo yanashuka. Yaacheni yapite. Lori lililo mbele yenu msilipite kwenye kona, hata kama linatambaa.

Soni chai tena. Chini yake joto linapanda kila kona, jaketi zinatoka moja moja. Mombo, kabla ya kufunga baiskeli kwa ajili ya basi, kazeni bolti za usukani na za diski, zihesabuni spoki, na karatasi ngumu irudi katikati ya pedi.